Ratili Nne za Kwata

Jumamosi, baada ya magharibi

Zimepungua. Ratili nne zilizoniingia tangu nianze kwata hapa Korogwe, kambini kwa Wadachi, zimetoka zote. Leo nimepimwa tena kwenye mizani ya ghala la pamba.

Wiki tatu nimeogopa. Kaka yangu Mhina, kule Handeni, alianza kwa kunenepa bila kula, kisha akavimba uso, na kabla ya mavuno tukamzika.

Muuguzi wa kambi alinibonyeza muundi. "Kidole hakiachi shimo, ndugu; huu si uvimbe wa ugonjwa. Mwili ukishtushwa na kazi hushika maji. Yatatoka." Sikumwamini.

Ningefurahi. Lakini kaka alipoanza kunenepa nilimcheka, nikamwita bwana mkubwa. Naye, maskini, akacheka nami, huku akishika ukuta asianguke.