Bata wa Chupa za Dawa

Jumatatu, 4 Machi
Shingo imekatika. Wiki tatu za kuomba chupa tupu za dawa, kubandua lebo kwa kucha, kuponda, kushindilia vipande kwenye kalibu ya plasta — halafu bata hana kichwa!
Ni Mjomba. Alifungua tanuri lake likiwa bado la moto, amwonyeshe mteja wa vyungu "msanii wa ukoo". Kioo cha moto kikipigwa na ubaridi hupasuka. Nilimweleza. Yaani, nilimweleza kichwani. Mdomoni nikasema, "Si kitu, Mjomba." Si kitu! Najichukia.

Jumanne, 5 Machi
Maonyesho ni Jumamosi, mwalimu wa sanaa hasogezi tarehe. Chupa zilizobaki zinatosha bata mmoja tu. Mama kaangalia kalibu, kauliza ni bata au kiatu. Niliponda chupa kuliko zilivyohitaji kupondwa.

Jumatano, 6 Machi
Bata yumo tanurini. Anayeyuka leo, anapoa polepole mpaka Ijumaa usiku. Nimebandika karatasi mlangoni: USIFUNGUE. Kwa lugha zote mbili za shule, kwa wino mwekundu. Mjomba kaisoma, kasifu mwandiko.

Alhamisi, 7 Machi
Karatasi yangu iko mezani, chini ya kikombe cha chai! Mjomba anaapa hajafungua. Ila kesho yule mteja anarudi na mumewe, watachungulia tu, kidogo. Ati vyungu vyake huvitoa vya moto miaka yote na havijalalamika. Vyungu, Mjomba, vyungu! (Kichwani tena.) Nina lugha mbili na zote zinanikwama kooni.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekimbia kutoka shule. Wageni wamefika, Mjomba kashavaa glavu. Nikapita katikati yao, nikasimama mbele ya mlango wa tanuri.
"Bibi Kimya," akasema Mjomba, kwa jina lake la kunitania, "hebu sogea mama, wageni waone."
"Sisogei, Mjomba. Ukifungua atakatika. Yule wa kwanza ulimkata wewe."
Mume wa mteja akaanza kuchunguza dari. Mjomba akavua glavu moja, akawatoa nje.
Bado niko hapa, kwenye kigoda, daftari magotini. Kipimo cha joto kinasema nyuzi 140. Salama ni chini ya 50. Namsikia Mjomba akiwaeleza wageni kwamba kioo si kama chungu, kioo kina hasira — nusu anakosea, lakini anaeleza.
Sasa anarudi. Nyayo zake. Amesimama mlangoni mwa karakana, peke yake. Glavu ya pili hajaivua.
Kipimo: 138.