Viti vya Kuazima

Jumatatu, 4 Agosti

Assalaam aleikum, nafsi yangu. Umeamkaje? Kifua nacho kimelalaje? Nyumba hii haina mwingine wa kuuliza, basi nauliza mwenyewe na kujibu mwenyewe. Nesi wa kliniki ya kifua ndiye aliyeniambia nipate daftari, kila siku niandike nimeamkaje. Mistari miwili inatosha, alisema. Mimi nikianza siachi.

Leo nimeamka nabanwa. Baridi ya kusi. Alfajiri nimeswali nimekaa juu ya ndoo, nimeigeuza kichwa chini. Nikisujudu pumzi inakata. Mungu anajua.

Pampu yangu ya dawa ya kifua inaishia. Naitikisa, nyepesi kama ganda tupu la korosho. Nimeambiwa nivute asubuhi na jioni. Navuta asubuhi. Jioni naitazama tu.

Jumatano, 6 Agosti

Kliniki. Daktari kaniuliza tena kama navuta sigara. Nikamwambia sigara siijui, mimi nimebangua korosho kwa moto tangu nikiwa mwali mpaka mwanangu Abdi anaoa. Moshi wa yale maganda una mafuta, ukikugusa mkono unababuka. Sasa mapafu je? Akasema ndiyo hayo hayo. Mapafu yakishachakaa hayarudi kuwa mapya, pampu inayalinda tu yasizidi. Nisikae bila hiyo.

Kwenye dirisha la dawa wakanitajia bei. Nikasogea pembeni kumpisha aliye nyuma. Pampu zilizopita nilizinunua kwa kuuza makochi ya marehemu mume wangu, moja moja, mpaka sebule ikabaki mkeka. Sasa sina kochi la kuuza.

Kijana wa dirishani akaniita polepole. Mama, nenda ustawi wa jamii, chumba cha mwisho kule. Wasio na uwezo wanapata msamaha, dawa ipo.

Wasio na uwezo. Nimelirudia neno hilo njiani mpaka nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua ya utambulisho. Alimjua marehemu mume wangu, ndiye aliyemchongea milango. Akacheka, akasema mke wa fundi naye anaomba msamaha, kwani mikorosho ya Nanyamba imekauka? Nikamwambia ile ilirudi kwa ndugu wa marehemu tulipomaliza arobaini. Akaacha kucheka, akaandika.

Ustawi nikapokewa na binti mdogo, ana adabu, ananiita mama. Akasema Jumanne watakuja yeye na mtendaji kuiona kaya.

Kuiona kaya. Basi nina wageni.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefagia mpaka uani. Nimepumzika mara nyingi kuliko nilivyofagia.

Halafu nikaitazama sebule. Mkeka, na ndoo yangu. Mtumishi wa serikali nimkalishe wapi? Marehemu mama yangu kule Mahurunga, hata njaa ikiwa ndani, mgeni hakuijua.

Nikaenda kwa Mama Neema. Mumewe anafanya kazi bandarini, ni watu wa Mbeya. Ana viti vingi vya plastiki, jumuiya yao ya kanisani inasali kwake Jumamosi. Tunasalimiana ukutani tu, sijawahi kuingia kwake. Nikamwambia nina wageni. Hakuuliza wa nini. Akanipa viti vinne, meza ndogo, chupa ya chai na sahani za maua. Akavileta mwenyewe mpaka mlangoni, maana aliniona ninavyohema.

Kile kiakiba nilichokuwa nakusanya cha pampu, nusu yake nimenunulia mchele na nazi. Nimemchinjisha na kuku wangu.

Jumanne, 12 Agosti

Wamekuja. Nimewapokea vizuri, alhamdulillahi. Wamekaa vitini. Wali wa nazi, kuku wa mchuzi. Mtendaji kaongeza mara mbili, akamwambia yule binti kwamba akiolewa aje afundwe upishi hapa. Tumecheka. Siku nyingi sijasikia kicheko humu ndani.

Binti akaniuliza napataje riziki, nasaidiwa na nani. Nikasema Mungu anajaalia, tunakula. Ndivyo mtu anavyojibu. Ningesemaje na mchuzi uko mezani?

Walipoondoka nikakaa kwenye kiti kimojawapo. Kina mgongo. Nimesinzia hapo hapo.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamenikatalia.

Binti hakunitazama usoni. Akasema walivyoona, kaya ina uwezo wa kuchangia. Wapo wenye hali mbaya zaidi. Nikasema ahsante. Nikatoka. Nimesema ahsante.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kaja, kala, mwenyeji kazidiwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Mama Neema kafuata viti vyake, leo ni jumuiya. Akaniuliza wageni walikuwaje. Sikukusudia kumwambia. Nikamwambia yote, mpaka ya kuku.

Alicheka kwanza. Halafu akaketi mkekani, kanga yake mapajani.

"Nyie watu wa Mtwara mtakufa na heshima zenu," akasema. "Rudi uwaambie viti ni vyangu."

Nikamwambia siwezi. Nitaonekana niliwadanganya. Na kama sikudanganya, ni nini ile? Akasema ile ni ukarimu, lakini ofisini hawana mahali pa kuiandika. Akabeba viti vyake, viwili viwili, akaenda.

Jioni nawasikia wanaimba. Wanaimba vizuri. Niko peke yangu hapa, ukuta mmoja tu katikati.

Jumapili, 17 Agosti

Pampu imetoa hewa tupu.

Nimempigia Abdi. Yuko Dar, anabeba zege, mkewe kajifungua juzi. Aliniuliza hali, nikasema mzima. Akasema Mungu mkubwa, mama. Simu ikakata.

Naona aibu kwa kila mtu. Hata kwako wewe ninayekuandikia, nafsi yangu.

Jumanne, 19 Agosti

Wanapulizia salfa mikorosho ya nyuma ya nyumba. Vumbi la njano limeingia mpaka kwenye sufuria. Nikafunga mlango, nikafunga dirisha, haikusaidia. Hewa inaingia haitoki. Nilikaa juu ya ndoo, mikono magotini, nasema shahada moyoni kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

Mama Neema alikuja kunigongea kwa habari ya vumbi lile lile, lilimharibia nguo kwenye kamba. Akanikuta. Akanipepea na mfuniko wa sufuria, akanisugua mgongo. Ilipotulia kidogo akauliza kwa nini nakaa kwenye ndoo. Nikamwambia ndiyo kiti, na ndiyo msala wangu wa kuswalia.

Akaitazama ile ndoo muda mrefu.

Nikamwambia nimeogopa. Sikuwahi kumwambia mtu neno hilo tangu marehemu alipofariki.

Alhamisi, 21 Agosti

Adhuhuri, niko kwenye swala. Nikasikia hodi, sikuweza kuitika. Nilipotoa salamu nikageuka. Mlangoni yuko binti wa ustawi, na Mama Neema nyuma yake. Mama Neema alimfuata ofisini jana bila mimi kumtuma. Ningejua ningemzuia.

Hapakuwa na kiti hata kimoja. Jikoni muhogo mkavu umechemka, hauna mboga. Sikuwa na la kuficha wala la kufichia. Nikataka ardhi inimeze.

Binti akavua viatu, akakaa mkekani.

"Mama, vile viti viko wapi?"

Mama Neema alitaka kujibu. Nikamwinulia mkono. Nikaona akinisemea na hili, sitalisema tena maishani.

"Vya jirani," nikasema. "Mimi niliuza vyangu, nikanunua dawa."

"Na kuku?"

"Alikuwa huyo mmoja."

Akainamisha kichwa. Akasema naye alikula paja. Nikamwambia mwanangu, lilikuwa lako, ulikuja kwangu mgeni. Hapo akajifuta macho na upindo wa mtandio, akaniuliza upya yale maswali, moja moja. Napataje riziki? Sipati. Nani ananisaidia? Hakuna. Pampu iko wapi? Imekwisha. Kila nikijibu naona kama navua nguo. Lakini nilijibu kwa mdomo wangu.

Kisha nikawapakulia muhogo. Wakala. Mama Neema akasema haujaiva vizuri. Kweli haukuiva.

Jumatano, 27 Agosti

Msamaha umepita. Binti kasema utatazamwa tena mwakani, niende na jina langu tu, nisipike. Kijana wa dirishani akanipa pampu mpya, akanionyesha tena namna ya kuvuta na kuhesabu polepole kabla ya kutoa pumzi. Kwa mara ya kwanza sikusogea pembeni.

Nimevuta asubuhi. Nimevuta na jioni.

Nilitaka kumpigia mtu nimwambie. Nikazungukazunguka ndani na simu mkononi. Mwisho nikaiweka.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimerudi kutoka dukani nimekuta kiti mlangoni. Kimoja cha vile vya plastiki, kimeoshwa. Mama Neema akasema kutoka ukutani kwake kwamba jumuiya yao imepungua mtu, kimezidi. Jumamosi niliwahesabu kwa sauti zao, hawajapungua. Sikumwambia.

Nimekiweka kuelekea kibla. Magharibi nimeswali nimekikalia, mgongo umeegemea. Nimemwombea na yeye, kwa jina lake. Ndoo nimeirudisha bafuni ikafanye kazi yake.

Baada ya isha nyumba ni ile ile. Kimya. Nimekigeuza kiti kikatazama mlango, endapo mtu atabisha. Halafu nikaona upuuzi, nikakikalia mwenyewe, ndipo ninapoandikia hapa.

Kifua kimetulia. Nasikia pumzi inaingia, inatoka, inachukua muda wake.

Basi nafsi yangu, lala salama. Kesho alfajiri nitakuuliza tena umeamkaje. Tafadhali usinikawize, nijibu mapema.