Mukono wa mutoto asiyejua kukaa

Mujukuu wangu Rehema,

Jambo kutoka Makiso. Tuko wazima; tonton yako, mujomba, amerudi kutoka Ubundu na samaki. Sasa wewe ni docteur, unaniuliza kama ungoje kwanza kuwa na hakika ndipo utume mutoto achunguzwe kama anapigwa.

Zamani, nikiwa infirmière kijana, muuguzi, papa mumoja alileta mutoto wake, mukono umevunjika. "Alianguka akitembea." Bon, mutoto hakujua hata kukaa chini. Docteur wetu, rafiki ya ule papa, akasema apelekwe hospitali kubwa.

"Docteur, si unanijua!"

"Ninakujua, papa. Namna mukono ulivunjika ndiyo sijui."

Aliomba tu wengine waangalie. Waliangalia, wakaona anapigwa, na mutoto akaenda kulelewa na koko yake, mama ya mama yake.

Mpaka leo ule papa hanisalimii sokoni, kwa sababu nilikuwa upande wa docteur. Mutoto wake, sasa mwanaume mukubwa, anavuka barabara kunisalimia.

Koko yako