Usiweke Kidole Chako kwenye Karatasi Ile

Kwanza wewe utakayemsomea Mama barua hii. Sikujui. Huenda wewe ni mkwewe, huenda ni mwalimu wa hapo ng'ambo ya ziwa. Nakuomba kwa heshima zote: mketi mahali pasipo na mtu mwingine, usome kwa sauti ya chini, na ukiinuka, neno lolote lililomo humu libaki hapo mlipokaa. Usimuulize Mama jina langu. Mimi ni karani, nina miezi saba kazini, na barua hii ikijulikana sitafikisha wa nane.

Mpendwa Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu sisi wawili tangu marehemu mama yangu alipoondoka na wewe, jirani yetu, ukaanza kunipikia. Baba, mtu wa kazi ya barabara, hakujua Kijaluo, na Kiluhya changu ulikicheka hadi machozi, basi tukakutana katikati. Wewe ulikivunja Kiswahili, mimi nikajifanya mwalimu. "Si mtu ya milima, Mama. Ni mtu wa milima." Nawe ukajibu, "Wuoro! Na huyo mtu ameanguka kutoka milima, sababu mimi nimesema ya?"

Unakumbuka nyumba yetu ya Ahero? Chumba cha kwanza chako, cha pili chetu, na ukuta wa udongo katikati uliopitisha kila kikohozi. Jioni ulikaa mlangoni ukishona nyavu ambazo kaka yako alileta kwa baiskeli kutoka ufuoni. Ulinifundisha fundo lako lisilofunguka, lile la kuzungusha mara mbili na kurudi chini, na nikashindwa. Miaka yote ile nikashindwa. Uhuru ulipokuja nilikuwa darasa la tatu, na asubuhi iliyofuata, wengine wakiwa bado wanacheza ngoma, ulinitoa kitandani kwa mwiko. "Shule hakuna leo, Mama!" "Basi kaa uisome mlango yake. Soma, nyathina. Soma, mtoto wangu, ndio mtu asikudanganye na karatasi."

Maneno hayo yananichoma, Mama, kwa sababu karatasi wanayotaka kukudanganyia nimeipiga chapa mimi.

Nianzie siku ya mafuriko. Wewe uliiona kutoka ndani ya maji. Mimi niliiona kutoka kwenye Landrova. Nilikuwa nimetumwa na ofisi kuandika orodha ya watu waliohamishwa. Inspekta alikaa mbele, mimi nyuma na daftari langu. Mto Nyando ulikuwa umeshapasua kingo, na shule ilikuwa katikati ya maji, watoto wamepanda juu ya madawati. Konstebo Barasa aliteremka bila kuambiwa. Ndipo nikakuona unakuja kutoka upande wa soko, umekunja nguo hadi mapajani, umebeba leso mabegani, zako na za wanawake wenzako, ukizifunga moja kwa nyingine huku unatembea. Fundo lako lile lile.

Nilikusikia hadi kule barabarani. "We askari! Unajua kuogelea?"

"Hapana, Mama. Kwetu ni mlimani."

"Basi wewe simama hapo katikati kama mti. Shika hii. Ukianguka nitakupiga mbele ya watoto."

"Nikifa, Mama, uwaambie nilikuwa kazini."

"Ukifa nitawaambia ulikuwa mzito!"

Watoto wakacheka, Mama. Walikuwa wanalia, wakacheka. Barasa alisimama pale maji yakimfika shingoni, kofia ikaenda, buti moja likanyonywa na matope, na wewe ukapita na kurudi kwenye kamba ya leso, mtoto mmoja mgongoni, mwingine umemshika mkono. Ulipochoka yeye akawabeba, wewe ukasimama mahali pake. Watoto kumi na tisa. Kila mmoja alipofika barabarani niliandika jina lake, na mbele ya jina niliandika aliyembeba: Mama, Konstebo, Mama, Mama, Konstebo. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Na Inspekta? Alikuwa amefunga kioo cha dirisha. Alimenya yai la kuchemsha, akaweka maganda kwenye kisahani cha sigara, vizuri kabisa, yasichafue gari la serikali. Aliniambia, "Huyu mwanamke ana kelele." Alishuka mara moja tu, gari la wakubwa lilipotokea kutoka upande wa Kisumu. Akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu tu, akampokea mtoto wa mwisho kutoka mikononi mwa Barasa. Wakubwa wakamkuta amesimama hivyo, mtoto kifuani.

Nami sikushuka, Mama. Hilo nalo nikuambie. Nilikaa na viatu vyangu vikavu nikiandika.

Sasa kuna sherehe. Uwanjani hapa Kisumu watatunukiwa nishani na vyeti askari na raia walioonyesha ushujaa. Nilipoletewa faili nilifurahi, nikajua jina lako limo. Nikaweka karatasi mashineni, kaboni katikati, nikaanza. Inspekta "aliongoza uokoaji akiwa ndani ya maji hadi kifuani, bila kujali maisha yake, akisaidiwa na askari mmoja na raia wachache." Raia wachache! Nikageuza ukurasa nikidhani jina lako liko nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na nyingine ya kupiga chapa siku hiyo hiyo. Ilikuwa karipio kwa Konstebo Barasa, kwa kupoteza kofia moja na buti moja la mguu wa kushoto, mali ya serikali, kwa uzembe. Kwa uzembe, Mama. Mtu aliyesimama shingo ndani ya maji na hajui kuogelea. Nilizipiga chapa zote mbili, ya sifa na ya karipio, kwa mashine moja na vidole hivi hivi.

Nilijikaza nikaenda kwa karani mkuu. Nikamwambia, "Samahani Bwana, hapa halipo jina la yule mama."

"Mama gani?"

"Aliyefunga leso."

Akavua miwani. "Binti, uliajiriwa kupiga chapa au kukumbuka?"

Wenzangu wakacheka. Nikarudi kitini. Nilipiga chapa, Mama. Sitakuficha.

Ningenyamaza, huenda, maana mimi ni mwoga, unanijua. Lakini juzi imeletwa karatasi ya tatu. Wakubwa wa Nairobi wametaka maelezo ya raia aliyekuwapo, na hapo ndipo ofisi ilipokukumbuka. Maelezo yameandikwa tayari, yanasema hivi: "Mimi, mwanamke mkaazi wa Ahero, nilikuwa nimezidiwa na maji, nikaokolewa na Inspekta." Wewe! Umeokolewa! Na mtu aliyekuwa anamenya yai! Niliposoma hapo nikakosea herufi mara tatu, karani mkuu akaniuliza kama nina malaria.

Watakuja kwako Alhamisi kwa meli ya asubuhi, karani mkuu na askari wawili. Watakuwa wapole. Watakuita Mama. Watakuletea blanketi jipya, nimeliona, ni jekundu lenye mistari. Kisha watatoa kikopo cha wino na kukushika mkono, watasema ni karatasi ya kupokelea blanketi. Usiweke kidole chako kwenye karatasi ile. Waambie waisome kwa sauti mbele ya majirani, kwa Kijaluo, mara mbili. Wakikataa kusoma, kataa. Wakisoma, utakataa mwenyewe. Blanketi waachie, baridi ya huko haijawahi kukushinda.

Najua wewe hutaki nishani. Uliniambia ulipohama kwenda kwa binti yako, "Mimi nataka leso yangu ya njano tu, ilipotelea kwa hao watu ya gari." Lakini mimi nataka. Nataka ile siku uwanjani wasome jina lako na la Barasa, na watoto wale kumi na tisa walisikie. Wakikua wakiamini kwamba aliyewaokoa ni yule aliyefunga kioo, basi tulisomea nini?

Jumamosi anakuja mkubwa wa kukagua orodha kabla haijafungwa. Nataka kumpelekea daftari langu. Barasa amesema atasimama nami iwapo wewe utasimama. Nikienda bila wewe, mimi ni karani mwenye mdomo mrefu na yeye ni askari mwenye karipio. Ninaogopa, Mama. Ninaandika hii nimeegemea mlango. Lakini safari hii nitashuka kwenye gari.

Jibu lisije ofisini, karani mkuu hufungua barua zote. Wala usimtume mtu na maneno. Kata kipande cha uzi wa wavu, ufunge fundo lako, umpe huyo mama aliyekuletea barua. Ana meza ya samaki wa ngege nyuma ya gati hapa Kisumu, nami hununua samaki kwake kila Ijumaa baada ya kazi. Atauweka ndani ya gazeti pamoja na samaki. Fundo moja, umekataa kutia kidole. Mawili, umekataa na unakuja. Nitakungoja gatini Jumamosi meli ikifika, nimevaa sweta ya kijani uliyonifumia, imenibana sasa. Usiniite kwa sauti yako ile mpaka tutoke langoni. Nikipata uzi nitajaribu kwanza kulifungua fundo. Likifunguka, nitajua si lako, na kwamba wamefika kabla ya barua hii, wakaikamata na kulifunga wao.

Ni mimi, mwanao wa chumba cha pili.