Kindi Asiye na Kadi

Kaka Espoir na dada Furaha, wapiganaji wenzangu mlioko nyumbani Kirolirwe,

Huku Walikale mvua hainyamazi, ila chuo chetu kina kipenzi: kindi wa porini anayeingia darasani kwa dirisha na kula karanga mikononi mwetu. Leo mlinzi wa chuo, mwindaji tangu utoto, amemtegea kamba.

“Papa, ule iko mwanafunzi kama siye!” tulimpazia sauti mlinzi.

“Mwanafunzi? Karte yake ya chuo iko wapi? Kwetu, ile iko nyama,” akajibu.

Basi tumemwandikia kindi kadi ya mwanafunzi: elimu ya misitu, mwaka wa kwanza. Mtego usipoondolewa, hakuna atakayeingia darasani! Nawakumbatia, mnibusieni Mama. Kesho saa mbili asubuhi sisi wanafunzi tunakutana mbele ya mtego, kadi ya kindi mkononi.

Ndugu yenu, Baraka