Mchi wa Baba Yako

Neema mjukuu wangu,

Hapa Alief tuko salama. Babu yako bado anabishana na redio, na shangazi yako amepata kazi hospitalini.

Umeniuliza kwa nini baba yako hucheka kila akiona sombe, yaani kisamvu. Wakati wa korona, hoteli aliyofanyia kazi ilimwambia akae nyumbani bila mshahara mpaka wamwite, na deni la nauli ya ndege iliyotutoa kambi ya wakimbizi kutuleta huku ugenini lilikuwa halijaisha. Nikaamua kutwanga sombe niwauzie watu wa kanisani. Baba yako akachukua mchi, lakini alifunga mapazia kwanza, maana kwetu mwanaume hatwangi.

Jirani wa chini akapanda kulalamikia kelele. Akamkuta amejifunga kitenge changu, jasho linamtoka, nawe unampigia makofi. Kabla ya hapo ulikuwa umezoea kumwona amelala tu, kwa sababu alifanya kazi usiku. Jirani akacheka mpaka akaketi, akaondoka na sahani ya sombe, na kesho yake akaagiza nyingine.

Deni likaisha. Siku hoteli ilipopiga simu, baba yako hakuacha kutwanga. "Mama, waambie wangoje, sombe bado haijalainika."

Msalimie. Mchi wake nimemtunzia.

Bibi yako