Magari Mawili, Jiko Moja

Alhamisi. Kwa joto la leo hapa Grand Prairie, Texas, ungekaanga mandazi juu ya boneti la gari. Sina hasira wala furaha. Niko tu, kama chai iliyopoa.

Nimetoka kwa mshauri wangu wa mambo ya moyo, kule Carrollton. Ndiyo, mimi. Mimi niliyefanya kazi Nairobi na Doha, niliyeogesha wazee wa kila taifa na kuwachekesha madaktari wa Texas, nakaa kwenye kiti laini naulizwa nahisi nini. Nekesa ndiye aliyenisukuma niende.

Nekesa na mimi tuko pamoja mwaka wa sita. Kitanda kimoja, jiko moja. Sasa amepata kazi ya uuguzi Houston na kesho lazima awajibu. Hajaniuliza kama nitamfuata. Ameuliza kitu kimoja tu: mpaka lini utaniita mpangaji mwenzako mbele za watu?

Mshauri wangu wa kwanza alikuwa wa kanisani. Yeye alitafuta chanzo cha mimi kupenda mwanamke. Eti baba alinipiga? Baba yangu, mtu aliyekuwa akimwomba kuku msamaha kabla ya kumchinja! Nilitoka pale kama gari lililofumuliwa injini na fundi aliyeitwa kubadilisha taa.

Huyu wa Carrollton ni mama mwenye mvi, ana mke wake, na anajiita lesbian feminist, yaani mpenda wanawake na mtetezi wa haki zao, bila kushusha sauti. Aliniambia vitabu vya fani yake viliwahi kutuandika kuwa wagonjwa, kisha wenye fani wakafuta, tukapona wote bila dawa. Nilicheka mpaka machozi. Yeye haulizi kwa nini napenda wanawake. Anauliza nani ananifanya nijifiche, na anafaidika nini.

Leo nikambishia. Niliishia kidato cha pili, lakini kwa ubishi nina digrii. "Mama, kama mgonjwa ni jamii, mbona mimi ndiye niko kwenye kiti?"

"Swali zuri," akasema. "Sasa nieleze hiyo sherehe ya Jumamosi uliyoitaja."

Ni ya kumpokea mtoto mchanga, kwa Mama Kevo kule Cedar Hill. Akina mama wetu wa Kenya huandika orodha kwenye WhatsApp, na Mama Kevo ndiye anayeishika: kila nyumba mstari mmoja, chakula kimoja. Sisi tuna mistari miwili. Mimi nasukuma chapati, Nekesa anakata kachumbari, meza ileile. Halafu tunaondoka na magari mawili. Mimi natangulia. Yeye anasubiri dakika kumi kwenye kituo cha mafuta, ndipo anaingia, nami napiga kelele: "Kumbe na wewe umekuja!"

Nilisimulia kama kichekesho. Huwa kinachekesha.

Mshauri hakucheka. Akauliza, "Hizo dakika kumi, yeye hufanya nini?"

Sijui. Miaka sita, sijawahi kuuliza.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama Kevo. Sauti yangu, ambayo huwa haihitaji kipaza sauti, ilitoka nyembamba kama uzi. "Futa mstari wa Nekesa. Sisi ni nyumba moja. Ni mpenzi wangu."

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Wewe nawe," akasema. "Miaka yote mnaleta vyombo vya seti moja, ulidhani sisi ni vipofu? Lakini nikuambie mapema, kuna watakaokataa kula chapati zako."

"Basi zitabaki nyingi."

"Zikibaki, nitazibeba kazini," akasema, akakata simu.

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakutaja Houston. Nami sikutaja. Nilimuuliza tu kuhusu kile kituo cha mafuta.

"Huwa nakaa," akasema. "Naweka bakuli la kachumbari mapajani lisimwagike."

Kesho atawajibu watu wa Houston, na sijui atasema nini. Ila Jumamosi gari ni moja. Yeye ataendesha.

Bakuli nitalishika mimi.